Tendi za Wahindu na Haki ya Kuuliza

Wazee wa Bara Hindi wana shtaka moja juu ya vijana wao, na shtaka hilo limerudiwa kwa muda mrefu hata limekaribia kuwa methali. Husemwa ya kuwa vijana wamezipa kisogo tendi mbili za wahenga, Ramayana na Mahabharata. Ya kuwa masikio yao yamejaa kelele za mambo mapya. Na ya kuwa kizazi kijacho kitayajua majina ya Rama na Arjuna kama yajulikanavyo majina ya njia za mjini, pasipo kujua wenye majina hayo walitenda nini. Shtaka ni zito, na wanaolitoa ni watu wa heshima. Walakini hakimu mwadilifu hamhukumu mshtakiwa kabla ya kumtazama mshtaki vile vile. Mshtaki huyu akitazamwa vema, huonekana kuwa sehemu kubwa ya hasara anayoililia imetoka mikononi mwake. Utendi hauanzi kupotea siku mtoto anapoacha kusikiliza. Huanza kupotea siku mtoto anapokatazwa kuuliza.

Ushahidi wa neno hili umo ndani ya tendi zenyewe, wala hauhitaji kutafutwa mbali. Mahabharata, ambayo mapokeo humtaja Vyasa kuwa mtunzi wake, huhesabiwa kuwa na beti zipatazo 100,000 katika vitabu 18. Kazi yote hiyo imejengwa juu ya maulizo. Msimulizi Ugrashravas anafika katika msitu wa Naimisha, na wacha Mungu waliokusanyika huko wanamtaka habari. Anayowapa ni yale aliyoyasikia Vaishampayana akimwambia Mfalme Janamejaya. Na Janamejaya, kitukuu cha Arjuna, ndiye aliyetaka kujua imekuwaje wazazi wake wa kale wakauana ndugu kwa ndugu. Ndani ya masimulizi hayo mfalme kipofu Dhritarashtra anamwuliza Sanjaya mambo ya uwanja wa vita. Na katika uwanja huo Arjuna anaweka upinde chini na kumwuliza Krishna kama ni halali kuwaua walimu na jamaa. Bhagavad Gita, yenye beti 700, ni jibu alilopewa mtu aliyesita. Mwondoe mwulizaji, na kitabu chote kitanyamaza.

Ramayana ya Valmiki, yenye beti kama 24,000 katika vitabu 7, ina jambo la kustaajabisha zaidi. Waimbaji wake wa kwanza mbele ya hadhara ni watoto. Kusha na Lava, mapacha waliozaliwa msituni na mama aliyefukuzwa na mumewe akiwa mjamzito, walifundishwa utendi huo na Valmiki mwenyewe. Wakauimba mbele ya Mfalme Rama, naye Rama ndiye mume aliyemfukuza mama yao. Mfalme aliketi akasikiliza habari zake kutoka vinywani mwa wanawe, na kwa wimbo huo akawatambua. Basi asili ya urithi huu ni kwamba mtoto aliimba na mzee akasikiliza. Wanaofundisha leo ya kuwa kazi ya mtoto ni kupokea na kunyamaza wamekigeuza kiti cha mfalme kikatazama ukutani.

Kisa cha Draupadi kinalithibitisha jambo hilo kwa uchungu. Yudhishthira alicheza dado akapoteza mali, ufalme, ndugu zake, nafsi yake, na mwisho Draupadi, aliyekuwa mke wake na mke wa ndugu zake wanne. Mwanamke huyo alipoburutwa kwa nywele mpaka barazani alileta swali moja la sheria: mtu aliyekwisha jipoteza mwenyewe ana haki gani tena ya kumweka mwingine kuwa dau? Baraza lilijaa wazee. Bhishma, mkubwa wao kwa umri na heshima, alikiri kuwa njia ya haki ni ya siri na kwamba yeye hawezi kulikata swali hilo. Aliyesimama kumtetea ni Vikarna, mmoja wa wadogo katika ukoo ule ule ulioshinda mchezo, akasema wazi kuwa Draupadi hakushindwa kwa haki. Karna akamkemea kuwa ni mtoto anayejitia maneno ya watu wazima. Utendi haukuificha aibu hii. Umeihifadhi karne kwa karne ili kila msikilizaji aone ni nani aliyenena na ni nani aliyeinamisha kichwa. Mwalimu anayekisoma kisa hiki darasani, kisha akamfokea mwanafunzi aulizaye juu yake, amekaa katika kiti cha Karna pasipo kujua.

Hata hivyo watetezi wa kimya hawakosi hoja. Hoja yao ya kwanza yafanana na methali ya Waswahili isemayo samaki mkunje angali mbichi: mtoto apewe kisa kimoja, kilichosafishwa, kisicho na shaka, tena apewe mapema, apate kukua nacho. Methali hiyo ni njema katika mambo ya adabu, lakini yafaa ikumbukwe kuwa samaki anayekunjwa amekwisha kufa. Mtoto yu hai. Kisa alichotiliwa kinywani kama dawa atakitema siku atakapopata nguvu ya kutema, na siku hiyo wazee watashangaa, wakamwita mpotovu, hali wao ndio waliomfundisha kuwa kisa ni kitu cha kumezwa.

Mifano ya malezi ya namna hii haikosekani. Mwaka 1967 Anant Pai alianzisha mfululizo wa vitabu vya picha uitwao Amar Chitra Katha. Inasimuliwa kuwa alichochewa na mashindano ya maswali katika televisheni ya Delhi, ambamo watoto wa Kihindi waliweza kujibu habari za miungu ya Wayunani, wakashindwa kumtaja mama yake Rama. Kazi aliyoifanya ni kubwa. Vitabu vyake viliuzwa kwa mamilioni, na watoto wengi ambao bibi zao walikuwa mbali walikutana na Rama na Krishna kwanza katika kurasa hizo. Shukrani ni haki yake. Lakini maradhi yalipimwa kwa kipimo kifupi, na tiba ikawa fupi vile vile. Mtoto akijua kuwa mama yake Rama aliitwa Kausalya amejua jina. Bado hajajua kwa nini Kaikeyi, mke mwingine wa mfalme, alidai Rama apelekwe msituni miaka 14; wala kama mfalme alifanya haki kuitimiza ahadi iliyomwangamiza mwana asiye na kosa. Jina ni jibu la mashindano. Swali la Kaikeyi ni jibu la maisha, nalo haliingii katika kurasa 32 za picha zenye rangi nzuri isipokuwa mtu mzima akae kando ya mtoto na kumwuliza: wewe waonaje?

Baada ya vitabu ikaja televisheni. Tangu Januari 1987 hadi Julai 1988 mchezo wa Ramayan ulioongozwa na Ramanand Sagar ulionyeshwa kila Jumapili asubuhi, na njia za miji zikawa tupu saa hiyo. Kuna nyumba ambamo televisheni ilivikwa mataji ya maua na kufukizwa ubani. Mwaka 1988 ukafuata Mahabharat wa B. R. Chopra, ulioendelea hadi 1990, na aliyeandika maneno yake ni Rahi Masoom Raza, mwandishi Mwislamu. Michezo hiyo ilirudishwa mwaka 2020, wakati watu walipofungiwa majumbani kwa maradhi ya Korona, ikapata watazamaji wengi mno kwa mara nyingine. Nani athubutu kusema ya kuwa watu wa nchi hiyo hawazipendi tena tendi zao? Mapenzi yapo. Kilichopungua ni mazungumzo. Kioo hakiulizwi kikajibu. Rama akapata uso mmoja na Sita sauti moja. Na watu walioona uso mmoja miaka mingi huanza kuamini kuwa nyuso nyingine zote ni za uongo.

Hapo ndipo inapozaliwa hoja ya pili, yenye ukali kuliko ya kwanza: kwamba tendi hizi ni maandiko matakatifu, na kitu kitakatifu hakibadilishwi. Anayesema hivi amesahau historia ya kitabu anachokitetea. Kamban aliisimulia Ramayana kwa Kitamil katika karne ya 12 au karibu nayo; Krittibas kwa Kibengali katika karne ya 15. Tulsidas alianza Ramcharitmanas mwaka 1574 katika mji wa Ayodhya, akatumia Kiawadhi, lugha ya wakulima na wachuuzi, ingawa lugha ya wanavyuoni ilikuwa Kisanskriti. Leo kitabu chake ndicho kinachosomwa na kuimbwa zaidi kaskazini mwa Bara Hindi. Molla, mwanamke wa jamaa ya wafinyanzi, aliitunga kwa Kitelugu. Chandravati, mwanamke wa Bengali wa karne ya 16, aliusimulia utendi akifuata machozi ya Sita kuliko mishale ya Rama. Waislamu wa Malabar wana nyimbo zao za Ramayana kwa Kimalayalam. Na huko Java wachezeshaji Waislamu huonyesha vita vya Rama kwa vivuli vya sanamu za ngozi usiku kucha. Kila mmoja wa hawa alipokea, akauliza, akasimulia upya. Kama kubadilisha ni dhambi, basi Tulsidas ndiye mkosaji mkuu, na watetezi wa usafi ndio wanaomsujudia.

Walakini mwaka 2011 baraza la masomo la Chuo Kikuu cha Delhi liliiondoa katika mafunzo ya historia insha ya A. K. Ramanujan, mtaalamu na mshairi aliyekwisha kufariki, iliyoeleza wingi wa Ramayana katika Bara Hindi na Asia ya Kusini Mashariki. Miaka 3 kabla yake idara ya historia ilikuwa imevamiwa na watu waliochukizwa na insha hiyo. Wanafunzi wa chuo kikuu, watu wazima wenye haki ya kupiga kura, walionekana kuwa wachanga mno kusoma kwamba utendi mmoja una njia nyingi za kusimuliwa. Ikiwa mtu wa miaka 20 haruhusiwi kulijua hilo chuoni, mtoto wa miaka 8 ataruhusiwa kuuliza nini nyumbani?

Hoja ya tatu ndiyo yenye kustahili heshima zaidi, maana inatoka katika hofu ya kweli. Husemwa kuwa maswali yataivunja imani: mtoto akianza kuuliza hatajua mahali pa kukoma. Ni kweli kuwa katika tendi hizi mna mambo mazito. Katika kitabu cha mwisho cha Ramayana, Rama anamuua Shambuka, mtu wa tabaka la chini la Washudra, kwa sababu alithubutu kufanya ibada ya kujitesa iliyohesabiwa kuwa ni ya wakubwa. Katika Mahabharata, Ekalavya, kijana wa watu wa msituni, anakataliwa na mwalimu Drona. Anafinyanga sanamu ya mwalimu huyo, anajifunza upinde mbele yake, na anapokuwa bingwa Drona anamdai ada, nayo ni kidole gumba cha mkono wa kulia. Ekalavya anakikata na kukitoa.

Kisa hiki kimesimuliwa kwa watoto wengi kuwa ni mfano wa utii wa mwanafunzi. Basi na akumbukwe mtoto wa watu walioitwa wasioguswa, aliyeketi katika darasa hilo hilo. Jirani yake anaona utii. Yeye anaona kidole chake. Akikatazwa kuuliza, amefundishwa mambo mawili kwa pamoja: kwamba utendi huu si wake, na kwamba kidole chake kingali kinadaiwa. B. R. Ambedkar, aliyezaliwa katika watu hao na kuongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya Bara Hindi, aliacha maandishi yaliyowauliza Rama na Krishna maswali makali kama vitendawili. Yalitolewa na serikali ya Maharashtra mwaka 1987, miaka 31 baada ya kifo chake, mwaka ule ule ambao televisheni ilivikwa maua. Ghasia zikazuka, wengine wakitaka maandishi yafutwe, wengine wakiyatetea. Mwenye kupenda tendi angepaswa kufurahi. Anayemwuliza Rama swali bado anazungumza naye. Aliyemwacha kabisa ndiye asiyeuliza neno. Imani inayovunjwa na swali la mtoto ilikuwa imevunjika zamani, na mtoto amegusa ufa tu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Wako wanaojua kuzirithisha tendi hizi, na yafaa watazamwe. Huko Ramnagar, ng'ambo ya Mto Ganga kutoka Varanasi, mchezo wa Ramlila huchukua siku 31 hivi kila mwaka, chini ya ulinzi wa jamaa ya kifalme ya Banaras. Hapana vipaza sauti. Watazamaji huhama na wachezaji kutoka mahali hata mahali, na wengi huja na vitabu vyao vya Tulsidas mkononi. Rama na Sita huigizwa na wavulana wasiobaleghe, na muda wa mchezo wazee wenye mvi huinama miguuni pa watoto hao. Hapa kuna hekima na kuna upungufu. Hekima ni kuwa mtoto amewekwa katikati. Upungufu ni kuwa hata Sita huigizwa na mvulana, na msichana hubaki kutazama.

Msichana mmoja hakukubali kutazama tu. Teejan Bai, aliyezaliwa mwaka 1956 katika nchi ya Chhattisgarh, aliisikia Mahabharata kwa babu yake mzaa mama akaishika kwa moyo. Desturi iliwataka wanawake waiimbe wameketi. Yeye akaiimba amesimama, na kinanda mkononi mwake kikawa mara rungu la Bhima, mara upinde wa Arjuna. Jamii yake ilimtenga kwa kosa la kuimba. Mwaka 2019 nchi yake ikampa Padma Vibhushan, heshima ya pili kwa ukubwa kati ya zile inazowapa raia. Kati ya kufukuzwa na kutukuzwa yalipita maisha ya mtu. Wangapi waliofukuzwa wakanyamaza? Kila mmoja wao alikuwa ni utendi mzima uliozikwa, na waliouzika ni wale wale walialao kuwa hakuna anayeimba tena.

Jambo hili limevuka bahari pamoja na watu. Vibarua wa mkataba waliopelekwa Mauritius tangu 1834, Trinidad tangu 1845 na Fiji tangu 1879 walibeba beti za Tulsidas vitabuni na vichwani. Lugha za nyumbani zikafifia, lakini Ramlila ikabaki. Na Derek Walcott, mshairi wa St Lucia, alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1992 alianza hotuba yake kwa kueleza Ramlila ya kijiji cha Felicity huko Trinidad. Afrika ya Mashariki nayo ina Wahindu wake, wengi wao wenye asili ya Gujarat, nchi ambayo Premanand Bhatt alisimulia kisa cha Nala kutoka Mahabharata katika karne ya 17, na ambayo wasimulizi wake waliimba wakipiga mtungi wa shaba kwa pete za vidoleni. Taa za Diwali huwashwa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam. Wazee wa huko nao hulalamika kuwa mjukuu hasikii Kigujarati vema, basi tendi zimekwisha. Kwa nini ziishe? Mjukuu huyo anasikia Kiswahili. Tulsidas alipowaona watu wake hawasikii Kisanskriti hakuwalaumu. Aliufuata utendi mpaka katika lugha waliyotumia sokoni. Bibi anayesubiri mjukuu ajifunze lugha kwanza ndipo amsimulie ameweka mlinzi mlangoni pa nyumba yake mwenyewe. Na amsimulie leo kwa Kiswahili, hata kama majina ya miti na silaha yatabaki Kigujarati. Tena jirani aliyeketi barazani, mjuzi wa habari za Liyongo, atasikia naye, na pengine atakuwa na swali.

Mzee hadaiwi mambo makubwa. Anadaiwa saa moja ya jioni, kisa kisichokatwa mahali pachungu, na uvumilivu wa kuulizwa jambo asilolijua jibu lake. Binti apewe nafasi ile ile ya kaka yake. Mtoto wa Ekalavya apewe nafasi ile ile ya mtoto wa Drona. Msimulizi wa kijijini alipwe ujira wake kama alipwavyo mpiga picha wa televisheni, maana njaa imewanyamazisha wasimulizi wengi kuliko sinema.

Mahabharata yenyewe imeweka onyo kwa wote wawili, mzee na kijana. Ndugu watano walipokuwa uhamishoni walishikwa na kiu, wakafika mmoja mmoja kwenye ziwa lililolindwa na pepo. Pepo alimtaka kila mmoja ajibu maswali yake kabla ya kunywa. Wanne walidharau, wakanywa, wakaanguka wafu ukingoni. Wa tano, Yudhishthira, yule yule aliyeshindwa kumjibu Draupadi barazani, safari hii alisimama na kiu yake akajibu swali baada ya swali. Na kwa majibu hayo nduguze wakarudishiwa uhai. Wazee wanaowanywesha watoto tendi hizi na kuwakataza maswali wanadhani wanawaokoa na kiu. Na watazame vema ukingoni mwa ziwa, waone ni nani wamelala hapo.